Ng'ambo ya reli, Middlesbrough

Nilishuka Middlesbrough, mji wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kwa treni ya kutoka Darlington, manyunyu yakianguka. Nilianzia kusini mwa reli, kwenye jumba la baraza la mji lililofunguliwa mwaka 1889, refu na zito. Wito wa mji ni neno moja la Kilatini, *Erimus*: tutakuwa. Mwaka 1801 hapa palikuwa na watu 25 tu. Miaka mia moja baadaye walishapita 90,000.

Lakini hasa nilifuata jumba la zamani la baraza, ng'ambo ya reli. Njiani, karibu na kituo, nilisimama mbele ya sanamu ya Henry Bolckow. Alitoka Mecklenburg, Ujerumani, akafungua kiwanda cha chuma hapa pamoja na John Vaughan mwaka 1841. Mawe ya chuma yalipogunduliwa kwenye vilima vya Eston mwaka 1850, matanuru yakazidi, na watu wakamiminika. Mwaka 1853 mji ukapewa hati ya kifalme na baraza lake, na meya wa kwanza akawa Bolckow. Mwaka 1868 akawa pia mbunge wake wa kwanza, na mwaka huohuo bustani ya Albert Park, zawadi yake kwa mji, ikafunguliwa. Bustani ni nzuri kweli. Hata hivyo, mwenye tanuru kuwa ndiye mwenye baraza lilikuwa jambo zito kwa mfanyakazi wake. Leo angemlalamikia nani moshi, na kesho mshahara?

Nikapita chini ya reli, upande ambao wenyeji huuita "ng'ambo ya mpaka". Huku ndiko Joseph Pease na wenzake, wafanyabiashara wa Kiquaker (dhehebu la Kikristo), walikochora mji mwaka 1830 kwa ajili ya bandari ya makaa ya mawe. Toka sokoni zilitoka barabara nne: Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi. Jumba la zamani, la mwaka 1846, bado lipo, dogo, na mnara wake wa saa, limezungukwa na majani. Baraza lilianzia katika mtaa huu, nao mtaa umebomolewa karibu wote.

Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa aliniona natazama. Akanyoosha fimbo kwenye nyasi tupu. Nyumba yao, alisema, ilikuwa pale.