Asali Ilivyoniharibia Kashata

Kwa mtu anayeishi Tabora, asali si kitu cha kutafutwa mbali. Shangazi yangu wa Sikonge hunitumia dumu la lita tano kila warinapo, na kwa miaka mingi niliitumia bila kufikiri sana. Nilipoamua kupunguza soda na biskuti za dukani kwa ajili ya watoto, nilidhani kazi yote itakuwa kuondoa sukari katika mapishi yangu na kutia asali mahali pake.

Kashata za kwanza zilinitoa katika ndoto hiyo. Nilichemsha asali tupu, nikamwaga karanga, nikakandamiza kwenye sinia lililopakwa mafuta, nikasubiri. Hazikuganda. Kesho yake, kwa kuwa ilikuwa masika, zilikuwa zimeshikana kama ulimbo, na harufu nzuri ya maua ya miombo ilikuwa imetokomea na kuacha uchungu wa kitu kilichoungua. Shangazi alipopata habari alicheka, kisha akanikumbusha kwamba yeye hajawahi kuchemsha asali maishani mwake.

Sababu yake ni rahisi. Asali ina maji, kwa kawaida karibu asilimia 17 hadi 20, na sehemu kubwa ya utamu wake ni fruktosi, aina ya sukari inayovuta unyevu wa hewa na kuungua katika moto mdogo kuliko sukari ya kawaida. Kwa hiyo sasa kinachogandisha kashata zangu ni sukari, na asali inaleta ladha tu. Kwa vikombe viwili vya karanga nayeyusha kikombe kimoja cha sukari bila maji, kwa moto mdogo, nikikoroga kwa mwiko hadi igeuke rangi ya dhahabu. Kisha naepua, natia karanga, iliki iliyotwangwa, chumvi kidogo na kijiko kimoja tu cha asali, kwa uangalifu, maana hufoka inapokutana na sukari ya moto. Nazikata zikiwa bado vuguvugu, na zikipoa kabisa nazifungia katika kopo lisilopitisha hewa.

Karanga zenyewe huchambuliwa kabla ya kukaangwa. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu nazitupa bila huruma, kwa kuwa sumukuvu haiondoki yote kwa moto wa kikaangio.

Mahali hasa pa asali, kwa maoni yangu, ni katika vinywaji. Natwanga tangawizi mbichi kiasi cha gramu 200, naichemsha katika lita mbili za maji pamoja na karafuu tatu au nne, naichuja kwa kitambaa, kisha naiacha itulie kwa saa nzima ili wanga mweupe uzame chini na kuachwa humo ninapomimina. Asali naitia kinywaji kikiwa vuguvugu, pamoja na maji ya ndimu mbili, na hapo harufu yake inabaki. Ukwaju naufanyia vivyo hivyo, isipokuwa siuchemshi, bali nauloweka katika maji ya moto ndani ya bakuli la udongo au la plastiki ngumu, kwa sababu ukali wake hula sufuria za alumini na kuacha ladha ya chuma. Vyote viwili huvinywa ndani ya siku mbili au tatu, tena vikiwa kwenye friji.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma, iliyo nyepesi na yenye uchachu, naipenda zaidi katika ukwaju, ingawa bei yake hunifanya niipime kwa kijiko cha chai. Na wale wanaorudisha asali kwa muuzaji eti imeganda hivyo imechanganywa na sukari, wanamwonea: asali safi nayo huganda, na chupa ikikalishwa katika maji ya vuguvugu hurudi kuwa nyepesi.

Mtoto wangu wa mwisho, ambaye bado hajatimiza mwaka, hapewi asali hata ya kulambishwa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la umri huo haliwezi kuvidhibiti. Kwa sasa anaangalia tu kaka zake wakigombania vipande vya pembeni mwa sinia, ambavyo ndivyo vigumu kuliko vyote.