Mwenyekiti asiyeshika ufunguo

Ukitaka kujua kama mwenyekiti wa kikundi cha akiba pale sokoni Busia, upande wa Uganda, anaiweza kazi, usimsikilize akifungua mkutano. Tazama sanduku linavyofunguliwa.

Sanduku la chuma huwa na kofuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu wa kawaida, wa nyumba tofauti, wasio kwenye kamati. Mweka sanduku hulala nalo kwake lakini hana ufunguo hata mmoja. Mwenyekiti naye hana. Akianza kushika ufunguo "kwa leo tu" kwa kuwa mwenzao kasafiri, minong'ono huanza siku hiyohiyo, hata kama hajagusa shilingi. Bora mkutano uahirishwe.

Kabla ya kufunga, salio husomwa kwa sauti na kila mtu hulikariri. Mkutano unaofuata, kofuli zikiwa bado zimefungwa, mwenyekiti huuliza: tuliacha ngapi? Wakishajibu ndipo pesa zihesabiwe mbele yao. Kwa njia hii mama asiyejua kusoma hulinda hesabu sawasawa na katibu, na mtu anayelinda kitu hakosi mkutano ovyo.

Lengo nalo liwe namba. "Tuinuane kiuchumi" haipimiki. Chukua wanachama 25, hisa (kipimo kimoja cha akiba) shilingi 2,000, wastani wa hisa 3 kwa wiki: hizo ni 150,000 kila mkutano, na milioni 6 kwa wiki 40. Iandikwe kwenye manila, itundikwe ukutani, na chini yake ijazwe iliyokusanywa. Wiki ikipungua, wanachama wenyewe wataanza kuulizana.

Bei ya hisa ndipo vikundi vingi huharibikia, maana hupangwa na wenye maduka. Ipangwe kwa kumtazama muuza nyanya wiki mvua imemharibia biashara: je, hisa moja ataiweza? Asipoiweza ataona haya, ataacha kuja, na mkopo wake atabaki nao. Kikomo cha hisa 5 kwa mkutano kinazuia upande wa pili, yaani tajiri mmoja kugeuza kikundi kuwa chake.

Mikopo kwa kawaida haizidi mara 3 ya akiba ya mtu. Mwenyekiti asiwe wa kwanza kukopa, na akikopa, arejeshe mapema. Akichelewa yeye wiki moja, faini za wengine hazidaiki tena. Kwa mwanachama aliyekwama, deni litajwe mkutanoni kama kanuni inavyosema, ila sababu aulizwe pembeni. Aliyelaza mtoto hospitalini hana haja ya kujieleza mbele ya watu 24. Mfuko wa jamii, ule wa kuchanga 500 kila wiki, uliwekwa kwa ajili hiyo.

Tarehe ya mgao, siku wanachama wanapogawana akiba yao, pia ni uongozi. Wengi hugawana Desemba, pesa zinaishia Krismasi, na shule zikifunguliwa Februari wanarudi kukopa kwa riba kali mitaani. Kama lengo lilikuwa karo, mgao uwe wiki ya mwisho ya Januari. Hapo mikopo ya miezi 3 ifungwe kutolewa mwisho wa Oktoba, la sivyo siku ya mgao sanduku litakuwa na madeni badala ya noti.