Marejeo ni Ngamani: Kuchora Majahazi ya Matondoni kwa Rangi za Maji za Kidijitali

Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tuliokaa ughaibuni miaka mingi, tukirudi Lamu twakimbilia kuchora milango ya nakshi. Milango imechorwa sana. Kiwanda cha kisiwa hiki kiko Matondoni, pwani wanakounda majahazi, na boti za faiba zikizidi kuenea, kazi ile yafaa ichorwe sasa, mafundi wangali na tezo mkononi.

Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Adhuhuri jua huwa utosini, kivuli huingia chini ya chombo na mataruma, yaani mbavu za chombo, huonekana bapa. Mwamkie fundi mkuu, omba ruhusa, ndipo upige picha ya kuchorea.

Fungua ukurasa wa pikseli 2480 kwa 3508, yaani A4 ya nukta 300 kwa inchi. Krita, programu ya kuchora, ni ya bure na inatosha kabisa. Tabaka la chini liwe karatasi yenye mikwaruzo, juu yake penseli, kisha matabaka matatu ya rangi, yote kwenye hali ya Multiply, ambapo rangi ya juu huikoza ya chini yake badala ya kuifunika. Kwa penseli anza na mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, halafu omo (mbele) na tezi (nyuma), mataruma mwisho. Mkuku ukikosewa, chombo chote huonekana kimevunjika, na hapo rangi haiokoi kitu.

Nyeupe haipakwi, nyeupe ni karatasi iliyoachwa. Hapa ndipo wengi huharibu. Sehemu ya chini ya jahazi hupakwa deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, na weupe wake una umanjano hafifu. Iache karatasi wazi, upitishe kivuli cha hudhurungi kwa ukolezo wa asilimia 15 tu. Ukirudishia nyeupe juu ya rangi, picha hugeuka bango la dukani. Mbao za juu, zilizonyweshwa sifa, yaani mafuta ya papa, ni nyeusi zaidi na zang'aa: asilimia 60, na ufito mwembamba wa mwanga ulioachwa bila rangi.

Mikoko ya nyuma ina mtego wake. Ukivuruga buluu na manjano kwa brashi, programu nyingi hukupa kijivu, kwa sababu zinatafuta wastani wa namba za mwanga badala ya kuchanganya rangi yenyewe. Paka manjano kwenye tabaka moja na buluu nyepesi kwenye jingine. Multiply itakupa kijani safi. Programu ya Rebelle Pro huchanganya kama rangi halisi, ila ni ya kulipia.

Kila ubao upake kwa mkupuo mmoja bila kuinua kalamu. Ukiinua na kurudia, mahali pa kukutana hukoza na kuacha mabaka. Mpangilio wa brashi unaokoza ukingo kama rangi iliyokauka uwashe kwa mbao peke yake. Ukiuwasha kwa anga, mawingu huwa kama yamekatwa kwa mkasi. Kalafati, pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, iwe ya mwisho: mistari ya pikseli 3 au 4, iliyokatikakatika, kwani pamba haijai sawasawa kwenye kila upenyo. Doa la kutu chini ya msumari livute kuelekea chini, lisiwe duara.

Kabla ya kuchapisha, punguza mwanga wa skrini hadi nusu, kisha toa nakala ndogo ya majaribio. Buluu ya bahari ndiyo hufifia zaidi kwenye wino, kwa hiyo ikolezee kidogo tangu mwanzo.