Jumatatu Niliyomtukana Kamala

Nilipanda juu ya kiti nikapiga kelele kwa Kiswahili, kwa sauti yote niliyokuwa nayo: "Wewe! Ng'ombe wa baba yangu mdogo mmewapeleka wapi?"

Ilikuwa Jumatatu usiku, majira ya joto ya mwaka 1982, ndani ya Mid-South Coliseum, Memphis, jimbo la Tennessee. Mtu niliyemfokea alikuwa amesimama ulingoni peku, kiunoni amefunga kitambaa cha madoa ya chui, uso umechorwa mistari myeupe, kifuani nyota, tumboni mwezi. Alikuwa ametangazwa kuwa ni Kamala, jitu la Uganda, aliyewahi kuwa mlinzi wa Idi Amin.

Kwa maelfu waliokuwamo ukumbini hayo yalikuwa maneno ya mieleka tu, mieleka ile ya maonyesho ambayo kila mpiganaji anaigiza mtu fulani. Mimi ni mtu wa Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka, baba mdogo alikuwa akiishi ng'ambo ya mto, upande wa Mutukula. Alitufikia Bukoba kwa miguu, yeye na mkewe na watoto wanne, amejitwisha godoro, redio kaifunga ndani ya kanga. Zizi lake lote lilikuwa limeswagwa kuelekea Uganda. Jioni alikaa kibarazani akiwataja wale ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita mahudhurio darasani. Nilikuwa kidato cha sita. Mwalimu Nyerere akasema redioni kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Aprili 1979 Kampala ikaanguka, nduli akakimbia. Ng'ombe hawakurudi. Amin, ambaye ujanani alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda, aliwahi kujigamba kwamba vita ile imalizwe ulingoni, yeye na Mwalimu, Muhammad Ali awe mwamuzi. Baba mdogo aliisikia kauli hiyo kwenye redio ileile aliyokimbia nayo.

Basi miaka mitatu baadaye niko Memphis, mwanafunzi wa chuo, nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Mississippi. Kila Jumamosi asubuhi alipiga pasi nguo za kanisani huku akitazama mieleka, moja kwa moja kutoka studio za WMC, Chaneli 5. Watangazaji walikuwa Lance Russell na Dave Brown, huyu Brown ndiye pia aliyetusomea hali ya hewa jioni. Jumamosi moja akaniita, "Mwanangu, njoo umwone ndugu yako!" Nikatoka chumbani na kitabu mkononi. Kwenye televisheni jitu lilikuwa linachomoza kutoka kwenye miti na ukungu, limeshika mkuki, halisemi neno. Walipolitaja jina la Amin, nilikaa chini.

(Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba ule msitu ulikuwa shamba la promota, Jerry Jarrett, huko Hendersonville, Tennessee, na ule ukungu ulikuwa moshi wa barafu kavu.)

Siku hizo mieleka ya Marekani haikuwa mali ya kampuni moja. Nchi ilikuwa imegawanywa vipande, kila kipande na promota wake, televisheni yake na mabingwa wake, na mwenye kipande hakulima shamba la mwenzake. Memphis lilikuwa shamba la Jarrett. Wanamieleka wake walizunguka njia ileile wiki nenda wiki rudi: Jumatatu Memphis, Jumanne Louisville, Jumatano Evansville, Jumamosi asubuhi wamerudi studio. Watu wakimchoka mmoja, anafunga mzigo na kuhamia kipande kingine, na huko anapokelewa kama mgeni, pengine kwa jina jipya. Anayebaki ni shujaa wa mji. Wa Memphis alikuwa Jerry Lawler, waliyemwita Mfalme, na mfalme hawezi kukaa wiki nyingi bila adui mpya. Majira yale adui akawa Uganda.

Nikamwambia Mama kwamba Jumatatu nataka kwenda. Nilitaka kumwona mtu wa Amin akipigwa, nimwone kwa macho yangu, ili nimwandikie baba mdogo.

Tulikwenda kwa gari lake. Njiani alinisimulia habari za Sputnik Monroe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mieleka ilipiganwa Ellis Auditorium, na watu weusi walibanwa juu kwenye roshani hata kama viti vya chini vilikuwa vitupu. Monroe alikuwa mzungu aliyeigiza ubaya, mwenye shungi moja jeupe kichwani, na alikuwa akikaa na watu weusi kwenye baa za Beale Street mpaka polisi wakawa wanamkamata kwa hilo. Alipoona roshani imejaa na wengine wanarudishwa mlangoni, aligoma kupigana mpaka waruhusiwe kukaa popote. Mama alikuwapo usiku wa kwanza alipokaa chini. "Nilishika mkono wa kiti hivi," akasema, na vidole vyake vikaukaza usukani. "Sikuuachia mpaka mwisho."

Ndiyo maana tulikaa karibu kabisa na ulingo. Na ndiyo maana, nilipopanda juu ya kiti na kudai ng'ombe, yule mtu alinisikia, au angalau alisikia kelele. Jeshi la Amin lilikuwa likisema Kiswahili. Nilikuwa na uhakika kwamba atanielewa, na kwamba uso wake utabadilika.

Akageuka upande wetu. Jasho lilikuwa limeanza kuyeyusha rangi, na ule mwezi wa tumboni ulikuwa unachuruzika kuelekea kiunoni. Akapiga tumbo kwa viganja viwili, pa, pa, pa, akageukia upande mwingine.

Watu wa safu za jirani wakanipigia makofi mimi. Bwana mmoja nyuma yangu akanigusa mguu, anatabasamu kwa wema kabisa, akaniomba niseme tena. Mtoto wake akauliza kama mimi na Kamala tumekuja pamoja. Lugha ya mama yangu, machungu ya baba mdogo, vyote vilikuwa vimeingia kwenye onyesho bila kuulizwa. Nikashuka kitini. Sikulitazama tena pambano. Nilitazama viatu vyangu.

Garini Mama hakuwasha injini mara moja. "Yule ni mtoto wa Mississippi kama mimi," akasema. "Watu wa kanisani kwetu wanamjua. Leo umemdai ng'ombe mtu aliyekulia kwenye pamba, tena kwa lugha asiyoijua."

Nikamuuliza kama haoni aibu, mtu mweusi kufanywa mnyama mbele ya watu. Alinyamaza mpaka tukapita taa za kwanza. "Naona. Lakini analipwa. Mtu mweusi mwenye mwili ule, kule kwetu, unajua wangempa kazi gani? Mimi naijua. Akifungua mdomo tu wakamsikia anavyoongea, kazi imekwisha."

Sikukubaliana naye usiku ule, na hata leo nakubali nusu tu. Waganda ndio waliokuwa wa kwanza kuuawa na Amin. Nchi iliyompoteza Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum, aliyeuawa na utawala wa Amin mwaka 1977, haikustahili kugeuzwa msitu wa wala watu ili tiketi ziuzwe. Lakini nami nilikuwa nimekata tiketi, na mimi ndiye niliyeamini kuliko wote ukumbini.

Jina lake lilikuwa James Harris. Alizaliwa Senatobia, kama kilomita 60 kusini mwa Memphis, mwaka 1950, na baba yake aliuawa yeye angali mtoto mdogo. Alichuma matunda na kuendesha malori kabla ya kuingia ulingoni. Ile rangi ya usoni ilibuniwa na Lawler, ambaye alikuwa mchoraji. Jina la Kamala lilimpeleka Texas, kisha kwenye televisheni ya dunia nzima, akapigana na Hulk Hogan na Undertaker, huku vile vipande vya mapromota vikifa kimoja baada ya kingine. Kisukari kilimpokonya miguu yote miwili, na miaka ya mwisho alikuwa akitengeneza viti vya mbao kwa mikono yake na kuviuza. Alifariki Agosti 2020 kwa UVIKO. Siku nilipoisoma habari hiyo, nilikwenda kukaa kibarazani peke yangu.

Baba mdogo sikumwandikia.

Jumamosi iliyofuata Mama alikuwa kwenye pasi yake kama kawaida. Mimi nilibaki jikoni. Nikasikia ngoma zikianza kwenye televisheni, kisha sauti yake: "Mwanangu, huko kwenu mama kama mimi angemsalimuje kijana kama huyu?"

Nikamfundisha. Akalirudia neno mara mbili, polepole, akaweka pasi pembeni na kukielekea kioo cha televisheni.

"Hujambo," akasema.

Kwenye kioo viganja vikapiga tumbo, pa, pa, pa. Nikamwitikia mimi kutoka jikoni.

"Sijambo, Mama."