Alama 741

Januari 2024 dola moja ilikuwa ikikaribia shilingi 160 za Kenya, nami nilikuwa nimeapa kwamba mwaka huo hautaisha bila cheti cha usalama wa taarifa. Nilikitaka CISSP. Matangazo ya kazi niliyokuwa nikiyasoma yalikitaja hata pale palipotafutwa kijana wa kukesha akitazama logi za seva. Ada ya mtihani ilikuwa dola 749, karibu shilingi 120,000, na nusu yake tayari nilikuwa nayo kwenye chama.

Aliyenishika mkono ni mkaguzi wa mifumo pale kazini, mwenye CISA, cheti cha wakaguzi hao, tuliyemwita Madam.

"Una miaka mingapi kwenye kazi hii?"

"Miwili, Madam."

Akacheka. CISSP inadai miaka mitano ya kazi ya malipo, katika angalau nyanja mbili kati ya nane za mtihani. Mwaka mmoja husamehewa mwenye shahada ya kompyuta au fani ya karibu nayo, au mwenye cheti kingine kilicho kwenye orodha ya ISC2, shirika linaloitoa CISSP. Ni mmoja tu, hata kama unavyo vyote viwili. Ukifaulu kabla ya kutimiza miaka, unaitwa mshirika na unapewa miaka sita ya kuitimiza. "CISA ni yetu sisi wa ukaguzi," akaendelea. "OSCP ni ya wavunjaji, wale wanaolipwa kuvamia mifumo ili kuipima: saa 23 na dakika 45 unavamia mashine, halafu saa 24 za kuandika ripoti. Wewe unashinda na fayawoli na pasiwedi za watu. Fanya Security+, cheti cha kuanzia. Na kwa vile una diploma tu, hicho ndicho kitakachokupa ule mwaka wa msamaha."

Neno "tu" liliniuma, lakini hesabu yake ilikuwa sawa.

Wakati huo Security+ ilikuwa na matoleo mawili sokoni: SY0-601, lililokuwa lifungwe tarehe 31 Julai 2024, na SY0-701 lililotoka Novemba 2023. Nilichukua la zamani kwa sababu kitabu nilichoazimwa kilikuwa chake, na cheti kinachotoka ni kilekile, cha miaka mitatu. Vocha ya kulipia mtihani, karibu dola 400, ikanitoka shilingi 64,000. Mtihani ungeweza kufanyiwa nyumbani mbele ya kamera, ila sheria zake zinataka chumba kisichoingiwa na mtu na mtandao usiokatika. Mimi nilikuwa na chumba kimoja mtaa wa Umoja, Nairobi, ukuta mmoja na jirani mwenye watoto wanne, na stima za kubahatisha. Nikachagua kituo cha mtihani mjini.

Usiku wa kuamkia siku mbili kabla ya mtihani nilishtuka. Nilikuwa nimejisajili kwa jina ambalo watu huniita, si lile la kwenye kitambulisho. Jina la kwanza na la mwisho lisipolingana, unarudishwa mlangoni na ada imeenda. Asubuhi nikapiga simu, nikatuma picha ya kitambulisho, likarekebishwa. Kuahirisha pia kuna mwisho wake: saa 24 kabla, zikipita umepoteza.

Siku yenyewe nilitoka saa kumi na moja alfajiri kuikwepa foleni ya Jogoo Road. Simu, saa na pochi vikaingia kabatini, mifuko ikapekuliwa, nikapewa kibao cha plastiki na kalamu yake. Kabla ya swali la kwanza unakubali mkataba wa kutotoa maswali nje, kwa hiyo sitayasimulia. (Wale wanaouza "maswali halisi" kwenye magrupu wanauza njia ya kufutiwa cheti.) Umbo lake naweza kulieleza: dakika 90, maswali yasiyozidi 90, alama ya kufaulu 750 katika kipimo cha 100 hadi 900. Mimi nilipata 78, na manne ya mwanzo yalikuwa ya vitendo.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Swali la vitendo linakuita kama mtego wa panya, hasa mtu anayepanga kila siku kanuni za fayawoli, ule ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao. Nyumbani nilikuwa nimezoea mfano huu: ruhusu wavuti kwenye poti (mlango wa mtandao) 443, ruhusu DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, kwenye 53, zuia yaliyobaki. Fayawoli husoma kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye kanuni ya kwanza inayolingana. Ukiweka "zuia yote" juu, zilizo chini yake ni pambo. Na ukifungua 53 kwa TCP peke yake, maulizo mengi ya DNS yatakwama kwa sababu hupita kwa UDP, njia nyingine ya kusafirisha data. Nayajua haya. Kwa kuwa nayajua, nikawa napanga, napangua, narudi kuhakiki. Nilipoinua macho, dakika 38 zilikuwa zimekwisha. Zilibaki 52 kwa maswali 74, sekunde 42 kila moja. Saa ikaisha nikiwa sijagusa sita, ambayo hata kuyabahatisha ilikuwa heri, maana kukosea hakupunguzi alama.

741.

Karatasi ya matokeo niliikunja bila kuisoma. Madam ndiye aliyeikunjua. Chini ya alama zimeorodheshwa namba za malengo ya mtaala uliyokosea angalau swali moja. Yangu ilikuwa na 5.4, hesabu za hatari. Akachukua kalamu: seva ya shilingi 800,000, ikipata mafuriko inaharibika robo, hasara ya tukio moja ni 200,000. Mafuriko huja mara moja kila miaka miwili, yaani 0.5, kwa hiyo hasara ya mwaka ni 100,000. "Mtu akikuuzia kinga ya 150,000 kwa mwaka?" Nikasema siinunui.

Mara ya pili hakuna siku za kusubiri. Ni kuanzia ya tatu ndipo unangoja siku 14. Ila vocha ni mpya, na pesa sikuwa nazo. Kufikia Aprili shilingi ilikuwa imepanda hadi karibu 130 kwa dola, na vocha ileile ikanigharimu kama 52,000.

Safari hii nilibofya bendera kwenye maswali yote ya vitendo, nikayapita bila kuyasoma, nikayarudia zikiwa zimebaki dakika 30. Nikapata 783. Nilimpelekea Madam karatasi kabla hata ya kunywa chai.

"Miwili yako, na huu wa msamaha," akasema. "Umebakiza miwili. Na usisahau dola 50 za kila mwaka za kukitunza cheti hiki."