Asali Vidole Vinne Pembeni

Jumamosi joto lilipanda hadi nyuzi 11. Hapa Minnesota siku kama hiyo, mwishoni mwa baridi, nyuki hutoka mbio kwenda haja, kwa sababu hujizuia wiki nyingi wasichafue mzinga. Kwa jirani anayefuga pia, theluji mbele ya mizinga ilijaa madoa ya njano. Mbele ya mzinga wangu ilikuwa nyeupe pepe. Nikajua wamekufa kabla sijafungua.

Walikuwa kati ya fremu mbili za masega, kiasi cha konzi mbili tu. Wengi wamezamisha vichwa ndani ya vyumba vya sega, makalio nje, kama waliokuwa wakilamba tone la mwisho. Malkia alikuwa humohumo na doa lake la kijani mgongoni, rangi ambayo wafugaji huwapaka malkia wa 2024. Na asali? Vidole vinne pembeni, fremu nzima, imefunikwa nta, haijaguswa.

Hapo ndipo panaponiuma. Nyuki hawalali msimu wa baridi. Humzunguka malkia, wakatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, na katikati pakawa na joto hata nje pakigandisha mafuta ya gari. Ila joto hilo linataka umati. Wakipungua, hawathubutu kuachana hata kwa hatua ya kuvukia sega la pili.

Nilimulika vyumba kwa tochi na kuona vinyesi vyeupe vya utitiri wa varroa, vidudu vinavyowanyonya nyuki na kuwadhoofisha, si haba. Dawa niliweka Agosti, lakini vuli nyuki huenda kuiba asali kwenye mizinga iliyodhoofika, wakarudi na utitiri mwilini. Hasara ya Januari hupikwa Septemba.

Nikampigia mjomba aliyeko Sikonge, Tabora. Amerina asali kwenye mizinga ya magome tangu ujana. Baada ya shikamoo nikamwambia mzinga ni mtupu.

“Wamehama?”

“Wamekufa, mjomba. Kwa baridi na njaa.”

“Asali imeisha?”

“Ipo.”

“Ipo! Sasa njaa gani hiyo?”

Nilieleza, akaguna, kisha akasema niuache tu wazi, watakuja wengine. Kwake ni kweli. Nyuki wa miombo ukame ukizidi huhama, maua yakifunguka makundi hurudi, na mzinga mtupu haumkoseshi mtu usingizi. Mimi Machi hii sina kundi la kupita. Nimeagiza la kununua: hutoka California kwa lori, ratili tatu za nyuki kwenye sanduku la wavu, malkia wao akiwa kwenye kizimba chake kidogo. Bei yake sikumtajia mjomba.

Fremu ya asali nimeihifadhi, wageni wa Aprili waikute. Nyingine nimezipangusa kwa brashi. Waliozama vichwa hawatoki hata ukigonga. Hao, nyuki vibarua wapya watawavuta nje wenyewe.