Siku yangu katika chumba cha skani, Kisumu

Saa moja asubuhi nimeshashuka matatu ya Kondele, na saa moja na nusu mashine imewaka. Foleni ya kwanza ni ya wajawazito na inaenda haraka: mapigo ya moyo, mlalo wa mtoto, kondo la nyuma limekaa wapi, mwingine aingie.

Saa nne anaingia mama anayeuza omena Kibuye. Fomu yake imeandikwa "fibroidi?", yaani uvimbe wa misuli ya mfuko wa uzazi. Namuuliza hedhi yake ikoje.

"Daktari, siku mbili za kwanza siendi sokoni. Pedi nabadilisha kila saa, na maumivu yanashuka hadi mapajani. Mama mkwe ananiambia ndivyo wanawake tulivyo."

Kwa juu ya tumbo naona mfuko wa uzazi umetuna, umekuwa wa mviringo, lakini uvimbe wenye mpaka sioni. Hapa ndipo wengi huandika fibroidi, na inaniuma kila nikiona ripoti hizo. Namweleza kuhusu skani ya ukeni, anakubali, anakwenda haja ndogo kwanza maana kipimo hiki hutaka kibofu kitupu. Muuguzi wa kike anasimama kando yetu.

Sasa picha inajieleza. Ukuta wa nyuma ni mnene kuliko wa mbele. Ndani ya misuli kuna vifuko vidogo vyeusi vya majimaji, na vivuli vyembamba vimetawanyika kama upepeo wa jikoni. Mpaka kati ya utando wa ndani na misuli umekatikakatika. Nawasha Dopla, inayoonyesha damu inavyopita: mishipa ya damu inapita katikati ya eneo hilo, ilhali kwenye fibroidi huzunguka pembeni. Hii ni adenomiosisi: tishu za utando wa ndani zimepenya kwenye misuli. Zamani ilithibitishwa tu baada ya mfuko wa uzazi kutolewa na kupelekwa maabara.

Matibabu ataelezwa na daktari wa wanawake. Mimi namwambia tu kwamba maumivu yake yana sababu, na nimeiona. Analia kidogo, na simharakishi.

Saa saba, ugali na mboga.

Saa nane naandika ripoti yake: unene wa kila ukuta, vifuko vilipo, mishipa inavyopita. "Mfuko mkubwa" pekee hakumsaidii daktari. Fibroidi mara nyingi huweza kumenywa ikatoka. Adenomiosisi haina ganda la kumenya, kwa hiyo huenda daktari akaanza na koili ya homoni, inayowekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Nampigia pia daktari huyo kumwomba ampime mama wingi wa damu.

Saa kumi mwanafunzi wa mazoezi ananiita: ameona ukuta mnene kwa mgonjwa mwingine. Namwambia asubiri dakika chache, maana misuli ikikaza huonekana hivyohivyo. Anaangalia tena, ukuta umerudi sawa, anafuta alichokuwa ameandika.